Kuku Alitembea Kabla ya Mbwa

Nimeshika mifupa mingi katika maisha yangu, kwa kuwa kwa miaka mingi nilikuwa mfuaji wa mashuka na mchemshaji wa vyombo katika hospitali ndogo pale Baraka, na siku za upasuaji mikono ilipopungua niliitwa kushika. Lakini mfupa ambao vidole vyangu vinaukumbuka mpaka leo si wa mtu. Ni muundi wa nyuma, mguu wa kushoto, wa mbwa jike wa kuwinda ambaye hata hakuwa wangu. Alikuwa wa mume wangu, na mume wangu alikuwa hayupo.

Nianze na mbwa mwenyewe, maana siku hizi nikisema mbwa wajukuu wangu hapa Uvira wanafikiria yule wa kufungwa getini ale mabaki. Kwetu mbwa wa kuwinda ana jina lake, ana fungu lake la nyama linalokatwa kabla ya fungu la mwenye nyumba, na porini huvaa kengele ya mti shingoni kwa sababu mbwa wale hawabweki. Huyu alikuwa mwekundu, mwembamba, mkia umejikunja juu ya mgongo, na alikuwa na majivuno kuliko mke wa komiseri, mkuu wetu wa serikali. Mimi hakunipenda sana. Alinivumilia kwa kuwa nililala upande mmoja wa mtu aliyempenda.

Mume wangu alizijua njia zote za milima iliyo juu ya Lubondja, na hilo ndilo lililomponza. Miaka ile ya katikati ya sabini kulikuwa na watu wa msituni walioikataa serikali, na kulikuwa na wanajeshi waliowatafuta bila kuwaona. Wanajeshi wakaanza kukusanya wawindaji ili wawaongoze. Aliyekubali kuongoza alihesabiwa msaliti na watu wa msituni, na aliyekataa alihesabiwa mwasi na wanajeshi. Mume wangu hakutaka kuwa mmoja wala mwingine. Asubuhi moja kabla jua halijatoka alichukua mkuki, nyavu na sufuria ndogo, akanisimamisha mlangoni mwa jiko.

“Sikia,” akaniambia. “Huyu mbwa atakuwa anajua kwenye niko. Nitamutuma kwako, na we utamurudisha. Kama miezi mbili inapita na hakuja, nitajua umechoka, umerudia kwa baba yako. Sitakukasirikia.”

“Mi nirudie kwa baba kufanya nini?”

“Basi mbwa atakuja.”

Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu tuoane. Ile “sitakukasirikia” yake iliniudhi kuliko kuondoka kwenyewe. Mwanaume anakuachia ruhusa ya kumwacha, kana kwamba anakupa zawadi, na wewe huna hata nafasi ya kuikataa vizuri kwa sababu kunapambazuka na wanajeshi wanaamka. Nilimwambia aende zake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia, na wala sikuyasema kwa upole.

Baada ya wiki tatu mbwa akatokea mlangoni mwa jiko, amekonda, manyoya yamejaa mbegu za porini. Shingoni alikuwa na kamba nyembamba ya gome la mti, imejificha ndani ya manyoya, ina fundo moja. Tulikuwa tumeelewana juu ya mafundo: moja maana yake ni mzima, mawili maana yake chumvi imekwisha. Nilimfungua ile kamba, nikampa ugali na dagaa, kisha nikafanya jambo ambalo sioni haya kuliandika katika umri wangu huu. Nilimkumbatia yule mbwa nikamnusa. Alinuka moshi, na niliujua ni moshi wa nani. Mbwa alinitazama kwa dharau mpaka nilipomaliza. Akapumzika siku tatu, nikamfunga kamba mpya yenye fundo langu moja na kifuko kidogo cha chumvi kilichoshonwa kwa kitenge, akapanda milima.

Hivyo ndivyo tulivyoishi karibu mwaka mzima. Mchana nilichemsha mashuka, jioni nilitazama njia ya nyuma ya nyumba. Sikuwa peke yangu katika kutazama, maana niliishi na mamamkwe, na mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki hai. Mbwa alipofika tulisukumana mlangoni, mama na mimi, nani atamfungua kamba. Mara nyingi alishinda yeye, kwa kuwa mtu hawezi kumpiga kiwiko mama wa mume wake bila kuzungumzwa mtaa mzima.

Kisha siku moja ya soko, wiki moja baada ya mbwa kushuka kutoka kwa mume wangu, na kabla sijamrudisha kwa sababu barabara ya Fizi ilikuwa imejaa wanajeshi, gari lao kubwa lilirudi nyuma bila mtu kuangalia. Wauza ndizi waliruka, mbwa hakuwahi. Aliletwa nyumbani ndani ya kanga ya mwanamke nisiyemjua. Muundi wa kushoto, mfupa ule mrefu wa chini ya goti, ulikuwa ukining'inia.

Mamamkwe alikuwa mfunga mifupa. Alijulikana kutoka Baraka mpaka Lweba. Wavuvi waliopigwa na mitumbwi, watoto walioanguka kwenye michikichi, wote walibebwa mpaka uani kwetu. Aliupapasa mguu wa mbwa, akaunyosha, akafunga banzi za mabua ya mchikichi. Kesho yake akafungua, akatikisa kichwa, akafunga tena. Siku ya nne akaketi chini akaniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Huu mufupa unavunjika ya kulala. Unateleza. Mi naunyosha, na wenyewe unarudia. Mikono yangu haiuwezi, mutoto.”

Mama huyo hakuwahi kukubali mbele yangu kwamba kuna jambo asiloliweza, hata kupika mchele, ambao aliuharibu kila mara. Nilielewa kwamba ameogopa. Nikahesabu: siku kumi zilikuwa zimepita tangu mbwa ashuke, katika zile sitini.

Nilimbeba mbwa ndani ya kikapu cha mashuka machafu nikampeleka hospitalini. Daktari hatukuwa naye. Aliyepasua alikuwa muuguzi mkuu, mtu mrefu, mpole wa mikono na mkali wa mdomo, ambaye sote tulimwita munganga.

“Munganga, niko na mugonjwa.”

“Iko wapi?”

“Mu kikapo.”

Akafunua shuka, akafunika tena. “Mama, hii ni mbwa.”

“Mufupa yake iko sawa na ya muntu.”

“Na bakubwa wakiniuliza? Meza ya bantu, mi nilazeko mbwa? Watasema ninacheka chama.”

Hapo nikaanza kulia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Akaniuliza kwa nini ninalilia mbwa hivyo. Nilimweleza yote, mafundo, chumvi, miezi miwili. Ilikuwa hatari kumweleza mtu yeyote mambo kama hayo, kwa maana wakati ule mtu aliweza kuuzwa kwa kilo ya sukari. Alisikiliza huku akifuta miwani yake kwa pindo la koti. Kisha akasema niende, nirudi kesho yake, siku ya posho, yaani Jumamosi, wakati wa salongo.

Salongo ilikuwa ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi asubuhi, watu wote na majembe barabarani, wakubwa wa chama wakisimama kando wamevaa abakosti zao, zile suti za chama zisizo na tai, kuangalia nani hakuja. Munganga alikuwa amefikiri vizuri: asubuhi hiyo hakuna mtu angeingia hospitalini kututazama. Mimi nilitakiwa niwe barabarani kama wengine. Niliazima mtu wa kunijibia jina langu litakaposomwa, nikaenda.

Kwanza tulimpima uzito, ili munganga ajue kiasi cha dawa ya usingizi. Mizani ndogo tuliyokuwa nayo ni ile ya watoto wachanga, ya kuning'iniza na kichupi cha kitambaa. Basi mbwa yule mwenye majivuno akavishwa kichupi cha mtoto akaning'inizwa, mdomo umefungwa kwa bandeji, macho yametutoka yeye na mimi. Munganga alicheka mpaka akaketi. Nami nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu niliwaza jinsi mume wangu angependa kuiona picha ile.

Kazi yangu ilikuwa kudondosha etha kwenye kitambaa puani na kuhesabu pumzi. Munganga alinyoa mguu, akauosha kwa sabuni, akaupaka iodini, akakata ngozi upande wa ndani ambako nyama ni kidogo. Niliiona mifupa. Ilikuwa imevunjika kwa mshazari, ncha zake zimechongoka kama muwa uliovunjwa kwa goti, moja imepanda juu ya nyingine. Katika kopo la maziwa ya unga alikuwa ameweka vyuma vilivyotoka kwa watu waliopona. Akachagua chembamba kimoja, kilichokuwa kimekaa mkononi mwa mvuvi, nami nilikuwa nimekichemsha tangu asubuhi. Alitoboa tundu dogo chini ya goti, akakizungusha chuma kwa mkono, polepole, kikashuka ndani ya mfupa mahali penye uboho, mpaka kikafika palipovunjika. Hapo akaniambia niache kitambaa kidogo nishike mguu, niuvute. Nikavuta. Zile ncha mbili zikakutana, na nilikisikia chuma kikipita kati yake na kuingia upande wa pili. Nilikisikia kwa mikono yangu hii.

Alipomaliza kushona alinieleza, kwa kuwa alipenda kueleza. Chuma hakiponyi, alisema. Chuma kinashika tu, wakati mfupa unafanya kazi yake. Kwanza inakuja damu, halafu kitu laini kama gundi, gundi inavimba, inakuwa ngumu, na siku moja inakuwa mfupa. Ukimkanyagisha kabla ya hapo, chuma kinapinda.

“Mbwa mukubwa ni miezi tatu. Mukamba mufupi. Asiruke, asikimbie. Na kufungula, ni mi njo nitafungula. Unanisikia, sitwayeni?”

Alinipa cheo cha uananchi, kama kwenye mikutano, ili nijue hatanii. Nilisema ninasikia. Miezi mitatu ilikuwa siku tisini, na mimi nilibakiwa na arobaini na tisa. Sikumwambia hesabu hiyo, na yeye hakuniuliza, labda kwa huruma.

Nyumbani mamamkwe alifunga banzi zake juu ya mshono, kwa mikono ile ile iliyofunga watu wote wa pwani, akaacha nafasi ya kidonda kupumua. Kisha akamkamata kuku mmoja mweupe, akamvunja mguu wa kushoto mbele yangu, akamfunga banzi ndogo za mabua yale yale. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya wafunga mifupa wa kwetu, na sikuishangaa: siku moja, mkono mmoja, upande mmoja, mgonjwa na kuku wake. Siku kuku atakapokanyaga, mfupa wa mgonjwa umeshika, banzi zinalegezwa. Nilikuwa nimeona watu zaidi ya ishirini wakisimama uani kwetu siku kuku wao aliposimama. Munganga alipopita kutazama mshono aliwakuta wawili hao wamefungwa kivulini, mbwa na kuku, kila mmoja akimkasirikia mwenzake.

“Mama, kuku wako anasoma kalandriye?” alimuuliza mamamkwe.

“Kalandriye yako ilishaponyesha nani?” mama akamjibu, na hakuinua hata kichwa.

Wiki zile sijui nizielezeje. Nilienda kazini, nikarudi, nikapiga magoti, nikaingiza vidole kati ya banzi. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili joto limepungua. Wiki ya tatu nikagusa kitu, uvimbe mdogo mviringo mahali pa kuvunjika, nikamwita mama naye akagusa, tukatazamana kama wasichana. Nilimtamani mume wangu mchana kweupe, nikiwa na majivu mikononi, nikiwa katikati ya sentensi na mtu. Nilitamani hata makosa yake, jinsi alivyokata kucha mezani. Kila nilichogusa kilikuwa kati yangu na yeye, na pembeni ya jiko alikuwa amelala mnyama pekee duniani aliyejua njia, na njia yenyewe ilikuwa imevunjika chini ya goti.

Siku ya thelathini tangu mguu upasuliwe, mama aliniita kwa sauti ya juu. “Kuja uone!”

Kuku alikuwa akitembea. Alikanyaga, akatazama kama ninavyotazama mimi nikiingia kwenye maji baridi, akakanyaga tena, kisha akamkimbilia panzi.

“Kuku anatembea,” mama akasema.

“Munganga alisema miezi tatu.”

“Munganga ana mutoto mu pori?”

Si haki nimtupie mama yangu huyo lawama. Ni mimi niliyechukua makasi. Ningeweza kusema hapana, na nilijua kusema hapana, muulize mtu yeyote aliyefanya kazi nami. Lakini nilitaka kuambiwa kile ambacho kuku alikuwa ameniambia. Nilikata banzi, nikaufunga mguu kwa bandeji ya kukaza niliyoichukua kwenye sanduku la hospitali. Mbwa aliuweka chini. Akaukanyaga. Akazunguka ua mara mbili bila kuchechemea sana, na mimi nikamfunga kamba ya gome yenye fundo moja. Chumvi sikumwekea, ili asibebe uzito.

Jambo ambalo hatukulifikiria, mama na mimi, tukiwa wanawake wawili wenye akili zetu na mmoja amefunga mifupa miaka arobaini, ni hili. Mtu ambaye kuku wake amesimama hakukimbia. Mama alimpa fimbo mbili, akamwambia akanyage kidogo leo na kidogo kesho, na huo ukawa mwezi mwingine au miwili. Kuku alikuwa akiwaambia watu waanze. Mbwa hana fimbo, na hakuna wa kumwambia kidogo.

Alitoka taratibu mpaka mwisho wa mashamba ya mihogo. Alipofika kwenye majani akasimama, akanyanyua pua kuelekea milimani. Nami nilimjua, niliona mgongo wake ukijikunja. Nikapiga kelele asimame. Akakimbia.

Alirudi siku ya tisa, kwa miguu mitatu. Bandeji ilikuwa imekwisha, mguu umepinda kwa nje, na juu karibu na goti ncha ya chuma ilikuwa imetoboa ngozi. Sikuutazama mguu kwanza. Niliingiza mkono shingoni, nikaipata kamba. Ilikuwa ni yangu, na fundo lilikuwa ni langu, jinsi nilivyolifunga. Hakufika. Mahali fulani kwenye miteremko ile mfupa ulikuwa umeachia, akalala huko siku nisizojua ngapi, akageuka akarudi kwa aliyekuwa karibu zaidi.

Zilibaki siku kumi. Nilimwendea mwindaji mmoja aliyewahi kwenda na mume wangu, akaniambia hajui kambi iko wapi, anahama, na kama angejua asingesema. Nikafunga safari mwenyewe. Kwenye kizuizi cha barabara wanajeshi walinitazama kitambulisho, wakaniuliza mwanamke wa Baraka anatafuta nini milimani, wakanirudisha. Siku ya sitini nilikuwa hospitalini, nimesimama juu ya pipa la mashuka na mti wa kukorogea. Nilikoroga mpaka jioni. Mashuka yale yalibaki meupe siku nyingi.

Munganga alipomfungua mbwa mara ya pili hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alikitoa chuma kilichopinda, akasafisha usaha, akaingiza kingine kinene kidogo na kuzungushia waya mwembamba mifupa ikae. Alipokuwa anashona akaniuliza nilikuwa nimebakiwa na siku ngapi, ile siku nilipomfungua.

“Makumi mbili, kasoro moja,” nikamwambia.

“Na kupanda kule, anatumia siku ngapi?”

“Mbili.”

Akakata uzi. Kisha akasema polepole kwamba ningengoja wiki mbili tena, huku nikimtembeza na mukamba kidogo kidogo kila siku, gundi ingekuwa imeanza kuwa mfupa, na chuma kingevumilia. Asingepona kabisa, lakini angefika. Hakusema ili kunitesa. Alikuwa mtu wa kueleza, na nilikuwa nimemuuliza kwa macho.

Wiki mbili nilikuwa nazo. Zilikuwa zangu, hakuna aliyeninyang'anya, si wanajeshi, si chama, si kuku. Nimeishi na wiki hizo mbili maisha yangu yote. Mama naye, nilipomweleza, alimchinja yule kuku mweupe jioni ile, jambo ambalo mfunga mifupa hafanyi, akampika bila chumvi akamla peke yake, mgongo amenigeuzia. Kuku wengine aliendelea kuwavunja kwa ajili ya wagonjwa wake, lakini hakuniita tena kuja kuona.

Mara hii tulingoja. Miezi minne tulingoja, kwa sababu ya usaha. Niligusa uvimbe ukikua, ukiwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, ukawa mgumu, kisha ukaanza kupungua. Munganga alitoa chuma na waya, akavirudisha kwenye kopo lake. Nilimtembeza mbwa kwa mukamba kuzunguka ua wa hospitali, hatua mia, kisha mia tatu, wagonjwa wakitutania kutoka madirishani. Watu waliniuliza kwa nini ninajisumbua, kama siku zilishapita. Niliwajibu vibaya. Ukweli ni kwamba sikuamini kama mtu anaweza kuacha kungoja kwa siku ya kuhesabiwa. Mimi nisingeweza, basi nikafikiri hata yeye hawezi.

Kiangazi kilipofika wanajeshi walihamishwa, na kizuizi kikabaki na askari mmoja aliyelala. Nilichukua jembe na kapu kama anayekwenda shambani, nikamfuata mbwa. Alitembea mbele yangu siku mbili nzima, Lubondja tukaipita, tukaingia kwenye msitu wa mianzi na baridi. Hakuchechemea. Kila alipopanda jiwe niliutazama ule mguu nikaona unavyosukuma, na moyo wangu ulijaa, nikajifunza njiani maneno ya upole nitakayomwambia, badala ya yale ya mwisho.

Kambi ilikuwa vibanda viwili. Kimoja kilikuwa kimeanguka. Katika kile kingine alikaa mzee wa kutega mitego, aliyetoka akaona mbwa kabla ya kuniona mimi, na uso wake ukabadilika.

“Kumbe mbwa iko hai,” akasema. “Na we ni bibi ya bwana yake.”

“Iko wapi?”

Alinipa kigogo nikae. Akaniambia mume wangu alikuwa akishuka kila jioni mpaka kwenye ukingo wa mto kumngojea mbwa. Miezi miwili ilipokwisha akangoja wiki moja tena. Mzee alikumbuka vizuri ile wiki, kwa kuwa mwenzake hakuwinda wala kula vizuri. Halafu akakunja nyavu, akashuka upande wa ziwa usiku wa tatu baada ya wiki hiyo, akavuka na wavuvi kwenda ng'ambo, Tanzania. Kule mahali gani, mzee hakujua.

“Aliacha neno?”

“Alisema: amerudia kwa baba yake, ni haki yake, mtu asimusumbue.”

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mbwa alikuwa ameingia kwenye kibanda kilichoanguka, akapita chini ya mianzi, akalala mahali ambapo nadhani kilikuwa kitanda. Nilipokuwa tayari kurudi nilimwita kwa jina lake. Akatikisa sikio. Nikamwita tena, nikamvuta, akaniwekea meno mkononi bila kuuma. Mzee akasema nimwache.

Nilianza kushuka. Kisha nikasimama, kwa sababu sikuweza kurudi kwa mama mikono mitupu, bila mwanawe na bila mbwa. Mume wangu alikuwa na mwito wake wa kuitia mbwa, sauti mbili nyembamba kwa ulimi na meno, ya pili juu ya ile ya kwanza. Sikuwahi kujaribu kuufanya, mbele yake ningeona aibu. Niliukunja ulimi, nikaita.

Mianzi ilitikisika. Alitoka kama alivyokuwa akitoka zamani, miguu minne yote, masikio mbele, ule muundi wa kushoto ukimsukuma sawa na wa kulia, nadhani hata munganga mwenyewe asingejua ni upi uliovunjika. Alikimbia moja kwa moja kuelekea kwangu. Akanipita. Akashuka njia mpaka kwenye kona, akasimama, akatazama kushoto na kulia akimtafuta aliyemwita.